Kamera Kwenye Rafu ya Baba Mkwe

Kila jioni, kabla hajatoka jikoni na sahani ya chakula, Lugano hukohoa. Moshi hauhusiki. Hukohoa mara moja, kwa sauti ya wastani, kisha husimama nyuma ya mlango wa mabati mpaka asikie fimbo ikigonga sakafu katika nyumba ya pili. Hapo hutoka akiwa ameuelekeza uso upande wa migomba, huweka sahani kwenye meza ndogo iliyoko mlangoni kwa baba mkwe wake, hugeuka na kurudi. Mzee Kenani husubiri hatua zake ziishe ndipo huja kuchukua chakula chake.

Wanaishi uwanja mmoja hapa Ngonga, nyumba zao zinaelekeana, na hawajawahi kutazamana. Kwetu Wanyakyusa mkamwana humwogopa baba mkwe. Hamtaji jina, hali naye, haketi alipoketi, na akimwona anakuja njiani huingia shambani mpaka apite. Familia nyingi zimelegeza siku hizi. Baada ya ibada utaona mkamwana anampa mkwe wake mkono na hakuna anayeshtuka. Lugano hakulegeza. Siku moja bombani jirani alimcheka kwamba anaishi kama bibi yake. Lugano akaendelea kujaza ndoo, kisha akamjibu, "Wewe una nyumba nzima ya watu wa kuwaheshimu. Mimi nimebaki na huyu mmoja. Nikiacha kumwogopa, nitakuwa naishi na nani?"

Alizaliwa Talatala, katika nyumba yenye watoto wengi na kelele nyingi, na aliletwa hapa akiwa binti wa kwaya mwenye sauti ya pili iliyosifiwa hadi makanisa ya jirani. Mumewe, Isaya, aliondoka binti yao Stella akiwa anaanza kutembea. Alivuka daraja la Kasumulu na begi moja, akapita Malawi, akashuka mpaka Durban, na huko ndiko aliko mpaka leo, anasambaza vifurushi kwa pikipiki. Mara ya mwisho alikuja kumzika mama yake. Tangu hapo karatasi zake zimekwisha muda, na anajua akivuka mpaka kurudi nyumbani hataruhusiwa kuingia tena. Stella yuko kidato cha tatu, shule ya bweni, Mbeya. Kwa hiyo uwanja ule una watu wawili, na mmoja akitoka nje mwingine huingia ndani.

Nyumba ya shangazi yangu imepakana na uwanja huo, tunatenganishwa na mikokoa tu, miti ya kakao. Nilikuwa nimemaliza chuo, nasubiri kazi, nasoma vitabu vilevile mara ya pili kibarazani. Hivyo ndivyo nilivyomjua Lugano, au mama Stella kama tunavyomwita.

Masika ya mwaka huu miguu ya mzee Kenani ilivimba. Hospitalini walisema moyo umechoka, wakampa vidonge, wakamwambia apunguze chumvi. Isaya aliposikia, alianza kupiga simu kila siku. Lakini mzee hasikii vizuri, na simu hajaizoea. Huishika mbali na sikio kama kitu kinachoweza kuuma, husema "Eee. Eee. Ndaga," yaani asante, kisha humrudishia aliyempa. Isaya hakuridhika na "ndaga" hiyo. Alitaka kumwona baba yake akiongea, angali yeye mwenyewe, kabla ugonjwa haujambadilisha. Hilo tu ndilo alilomwomba mkewe, na ndilo pekee ambalo mkewe hakuweza kulifanya kwa mkono wake.

Kwanza nilitumwa mimi, na simu yangu, mchana. Mzee alivaa koti lake la kaki, akafunga vifungo vyote, akashika fimbo, akaketi. Nilirekodi mpaka mkono ukaniuma. Hakusema neno. Jioni hiyo Isaya alirudisha ujumbe wa sauti.

"Huyo siyo baba. Hicho ni kitambulisho cha baba."

Nilirudi kumwambia mzee, naye akacheka mpaka akashika kifua. "Msomi," aliniambia, "watu wakinitazama maneno yanaganda. Mimi naongea jioni, na moto wangu."

Ilikuwa kweli. Giza linapoanza kuingia, tukiwa kwa shangazi, tulikuwa tukimsikia. Anauambia moto habari za siku, anagombana na marehemu mkewe, anajijibu kwa sauti ya mkewe, anacheka. Nyumba yake ina nguzo ya umeme mlangoni lakini haina taa. Tangu alipotolewa mtoto wa jicho, balbu humchoma macho. Ana dirisha dogo, mlango, na moto.

Ndipo Isaya akatuma kamera. Ilikuwa ile ndogo aliyokuwa akiifunga kwenye kofia ya pikipiki, na ilisafiri na Andrea, mfanyabiashara anayekwenda na kurudi kupitia Malawi. Nilimsindikiza Lugano Kasumulu kuipokea. Andrea aliitoa ndani ya soksi, mbele ya watu waliokuwa wakigombania nafasi kwenye gari.

"Shemeji, mumeo amekutumia jicho."

"Ndogo hivi?"

"Usiidharau. Hii huanguka na pikipiki, huzama majini, haifi. Ingekuwa mwanaume ningekushauri uolewe nayo."

"Nilishaolewa na kisichofika nyumbani," Lugano akamjibu. "Kimoja kinatosha."

Andrea alicheka kwa nguvu, na wale watu wa kwenye gari wakacheka naye. Lugano pia alicheka. Kisha akaifunga kamera kwenye pindo la kanga na kuishika njia nzima kana kwamba ni yai.

Mimi nilikwenda kumweleza mzee. Nilimwambia itakaa kwenye rafu yake, katikati ya mabakuli, na hakutakuwa na mtu ndani.

"Kwa hiyo yenyewe inaniona?"

"Inakuona, babu."

"Na Isaya ataona kwa hiyo?"

"Ndiyo."

Akaifikiria. "Basi haina adabu. Hata mkwe wangu hanitazami, hiyo imetoka wapi? Iweke."

Jioni ya kwanza, mzee alipokuwa nyuma ya nyumba akioga, Lugano aliingia haraka, akaisimamisha kamera kwenye rafu, akabonyeza, akatoka. Alifanya hivyo kwa pumzi moja, kama mtu anayeiba. Baadaye tukaihamishia video kwenye simu yake. Akanipa simu, akageuka na kukaa akiutazama ukuta wa jiko.

"Anaonekana?"

Nilitazama. Kulikuwa na doa jekundu la moto na giza lililojaa chengachenga, kama mchanga unaochemka. "Naona moto," nilisema. "Naona mkono, halafu hauonekani tena."

Nilimuuliza kwa nini asigeuke ajionee, maana ile ni video, mzee mwenyewe yuko kwake. Alitikisa kichwa bila kugeuka. "Najua yeye hatakuwa ameniona. Lakini mimi nitakuwa nimemwona."

Basi tukaanza kujifunza. Kamera hizi zimetengenezwa kwa ajili ya jua na barabara. Jicho lake ni dogo, na kwenye giza hulazimika kubahatisha. Mimi nilisoma maelekezo yake ya Kiingereza kwenye simu yangu kwa sauti, Lugano akabonyeza, maana vidole vyake ni vyepesi kuliko vyangu. Tuligundua ilikuwa inapiga picha sitini kila sekunde, na kila picha iliambulia mwanga kidogo mno. Tukaishusha hadi ishirini na nne. Ilikuwa na kazi ya kutuliza mtikisiko, nzuri kwa pikipiki, lakini gizani huivuruga picha. Tukaizima, kwa kuwa rafu haitembei. Kioo chake kilikuwa na mafuta ya moshi. Lugano akakipangusa kwa pindo la kanga, taratibu, akakipulizia, akakipangusa tena.

Ikabaki ISO, kile kipimo kinachoiambia kamera ijikaze kuona kiasi gani. Ikiwa juu, mchanga unachemka. Ikiwa chini, giza. Ili kuipata katikati ilibidi tujaribu na kutazama, tujaribu na kutazama, na aliyepaswa kutazamwa alikuwa mtu ambaye Lugano hawezi kumtazama.

"Tuweke gunia," alisema.

Mchana, mzee akiwa ametembea polepole kwenda kwenye mikokoa yake, tulifunga dirisha nusu ili ndani kuwe kama jioni, tukakoka moto, tukalisimamisha gunia la mpunga kwenye kigoda chake. Nilisita, kwa kuwa kigoda cha mkwe si cha mkamwana.

"Mimi ndiye siruhusiwi kukaa," Lugano akasema, akilinyoosha gunia kwa mgongo wa mkono ili asikiguse kigoda. "Gunia halijaolewa."

Tulishusha ISO kidogokidogo mpaka mchanga ukatulia na maandishi ya kwenye gunia yakasomeka. Tukaifunga pale ili kamera isijibadilishie yenyewe. Tulifurahi sana. Lugano alimpigia Isaya simu papo hapo kumwambia kesho atamwona baba yake.

Kesho yake mimi nilikuwa kwenye basi, nimeitwa usaili Mbeya. Lugano alirekodi peke yake. Video ilipofika kwenye simu aliifunika kwa kanga, akaacha wazi kona yenye kitufe cha kutuma tu, akaituma bila kuiona. Jibu lilikuja kesho yake asubuhi, akiwa anamenya ndizi. Baadaye alinisikilizisha.

"Mama Stella, koti naliona mpaka vifungo. Sauti naisikia. Lakini juu ya kola hakuna mtu. Ni kama koti linaongea." Kelele za magari za huko. "Jaribu tena. Katikati ya maneno anatweta. Zamani hakuwa anatweta. Jaribu haraka."

Gunia la mpunga ni jeupe. Tulikuwa tumeipima kamera kwa kitu cheupe, tukaiambia huo ndio mwanga wa kutosha, na mzee Kenani si mweupe. Sijui nyumba nyingine gani duniani wangelifanya kosa hilo. Kwingineko mtu angemtazama mzee, akaona uso hauonekani, akarekebisha.

Nilikaa Mbeya zaidi ya nilivyotarajia. Usaili uliahirishwa, kisha ukafanyika, kisha tukaambiwa tusubiri. Huku nyumbani Lugano alihitaji uso mweusi wa kupimia, na hakuwa na mtu. Shangazi yangu alikuwa shambani kwake siku nzima, na hata hivyo asingekubali, anaamini kupigwa picha karibu na moto ni mkosi. Kwa hiyo Lugano alichukua kamera akaiweka kwenye rafu ya jiko lake mwenyewe, kama ilivyokaa kule kwa mzee, akaketi kwenye kigoda chake, moto upande wa kushoto, mlango upande wa kulia. Akajirekodi. Akaamka, akatazama, akapandisha ISO hatua moja, akaketi tena.

Alifanya hivyo jioni kadhaa, baada ya kukohoa na kupeleka chakula. Katika kujaribu huko ndipo alipojua kuwa kuni za mkokoa mbichi zinatoa moshi tu, na kwamba magunzi ya mahindi makavu yanatoa mwali mrefu unaofika mpaka kwenye paji la uso. Kuanzia hapo akawa anaweka lundo la magunzi mlangoni kwa mkwe wake pamoja na sahani. Mzee alidhani kuni zimeisha.

Niliporudi, wadudu wa ziwani walikuwa wamepanda, wingu lao limesimama juu ya maji kama moshi wa meli, na watu walikuwa wanazungumzia hilo tu. Nilikwenda kumsalimu. Alinipa simu kabla sijakaa.

"Angalia mwanga wangu kwanza. Niambie kama nimeupata."

Zilikuwa video nyingi fupi, zote za yeye. Katika ya kwanza uso wake ulikuwa bado umezama gizani, kitambaa cha jikoni kichwani, jasho tu likimeta puani. Hakujua aseme nini. "Najaribu," alisema, akainuka. Katika ya pili alisema, "Isaya, najaribu mwanga." Katika ile iliyofuata alieleza alichopika, ndizi za mbalaga na dagaa wa usipa, na kwamba Stella anasalimu. Picha ilizidi kusafika moja baada ya nyingine. Yalianza kuonekana macho, kisha mikunjo midogo pembeni ya macho, kisha kile kidoti alicho nacho chini ya mdomo ambacho mimi, jirani yake, sikuwa nimewahi kukiona.

Katika ya mwisho alikuwa amesuka nywele na kuvaa gauni la kanisani. Aliitazama kamera kwa muda mrefu, kama mtu aliyeuliza swali na anasubiri ajibiwe, kisha akatazama moto, kisha akaimba ubeti mmoja wa wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, ile ambayo bila ya kwanza haieleweki ni wimbo gani. Kupima mwanga hakuhitaji nywele zilizosukwa.

"Umeupata," nilimwambia.

"Haya. Leo basi."

Jioni hiyo alisubiri mzee aende kuoga, akaingia, akaiweka kamera na vipimo vyake vyote kama alivyovifunga kwake, akaacha magunzi yakiwa yameshika moto, akatoka. Alikohoa wakati wake ulipofika. Fimbo ikagonga. Akapeleka chakula. Tukakaa jikoni kwake tukisikia kwa mbali mzee akianza mazungumzo yake.

Tulipoihamisha video, alinipa simu na kugeukia ukuta kama kawaida.

"Anaonekana?"

"Anaonekana."

"Macho?"

"Macho, ndevu, na kovu hapa juu ya nyusi. Hata chozi la moshi linaonekana."

"Anafanana na Isaya?"

"Isaya mimi simkumbuki vizuri, mama Stella."

"Hata mimi naanza kusahau," alisema.

Nikaongeza sauti ili asikie, maana kumsikia mzee si mwiko, humsikia kila siku. Mzee aliongea Kinyakyusa, akila. Alikuwa ameisogelea rafu na kuikazia macho.

"Isaya, wanasema umo humo. Kama umo, umekonda sana. Kula." Akacheka, akatweta, akasubiri pumzi irudi. "Mikokoa ya mama yako imezaa. Nilimwambia imezaa, akasema nimechelewa kuvuna, yule hakubali kushindwa hata akiwa kaburini. Miguu yangu imekuwa mikubwa, nimepata viatu vya bure." Akatafuna kidogo. "Mkeo sijamwona. Usiniulize yukoje. Namsikia. Nikisikia kikohozi chake najua siku yake ilikuwaje. Juzi kilitoka chembamba, kama cha mtu aliyekuwa amelia. Nikagonga fimbo mara nyingi, ajue kuna mtu huku."

Lugano hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa umenyooka vilevile.

"Nilidhani anafukuza kuku," alisema baadaye.

Tuliituma. Safari hii hakuifunika simu, mimi ndiye niliyebonyeza. Majibu ya Isaya yalifika kesho yake mchana, ujumbe mrefu wa sauti, na nusu yake ilikuwa ni kulia. Mwanaume mzima, kando ya barabara, pikipiki inaunguruma chini yake. Alisema amemwona baba. Amemwona mpaka kovu, lile alilolipata alipoanguka na mkungu wa ndizi, Isaya akiwa mtoto na akiwa ndiye aliyekuwa akimkimbiza kwa mchezo. Alisema ameirudia mpaka simu ikaisha chaji. Alisema Mungu ambariki mama Stella, kazi aliyoifanya ni kubwa, aiweke kamera kila wiki kama atapata nafasi, na amwambie baba kwamba mwanawe anakula.

Ujumbe uliishia hapo. Lugano aliusikiliza wote, akaurudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena mwisho wake, kisha akaiweka simu juu ya gunia.

Nilikaa naye mpaka jioni. Aliepua sufuria, akapakua, akapanga magunzi pembeni ya sahani. Akasimama nyuma ya mlango, akakohoa. Fimbo ikagonga, zaidi ya mara moja. Akatoka na uso wake kwenye migomba, akaweka, akarudi, akaketi kwenye kigoda chake, moto kushoto, mlango kulia. Rafu iliyokuwa mbele yake ilikuwa tupu, kamera ilikuwa kwa mzee.

Kwa wiki zote hizo sikuwa nimemuuliza jambo lolote la kwake. Sina ujasiri huo. Lakini nililiona lile gauni la kanisani likiwa limekunjwa vizuri juu ya kamba, na swali likanitoka.

"Na ile yako ya mwisho, ile uliyoimba, ulimtumia?"

Akasukuma gunzi moja ndani ya moto.

"Hakuiomba," alisema.